Wananchi Huitwa Bajeti Ikishasainiwa

Ukitaka kujua kama mradi wa maendeleo ulibuniwa pamoja na wananchi, usianzie kwenye sura ya ushirikishwaji. Sura hiyo imo katika kila andiko la mradi, na kwa kawaida imeandikwa vizuri. Anzia kwenye tarehe. Angalia siku mkataba kati ya mfadhili na shirika uliposainiwa, kisha angalia siku kikao cha kwanza na wanakijiji kilipofanyika. Mara nyingi mno kikao hufuata miezi kadhaa baada ya saini.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye asasi anaujua mlolongo wenyewe. Mfadhili anatangaza fedha na kutoa wiki chache za kutuma maombi. Waandishi wa andiko wanajifungia Dar es Salaam, Nairobi au Washington na kujaza jedwali la matokeo: wanawake wangapi watapewa mafunzo, vikundi vingapi vitaundwa, visima vingapi vitachimbwa, magari mangapi yatanunuliwa. Andiko likipita, jedwali linakuwa sehemu ya mkataba. Ndipo maofisa wanafunga safari kwenda wilayani kufanya uzinduzi. Karatasi kubwa inabandikwa ukutani, kalamu za rangi zinagawiwa, na mwezeshaji anauliza: "Changamoto zenu kubwa ni zipi?" Watu wakisema maji, na mradi ni wa lishe, mwezeshaji anawarudisha taratibu kwenye lishe. Anafanya hivyo kwa heshima, na wengi wao hufanya kwa uchungu, maana anajua hana hata shilingi moja anayoruhusiwa kuihamishia kwenye maji. Jioni mahudhurio yanasainiwa, nauli inalipwa, na ripoti inaandika kwamba wadau walishirikishwa.

Sisemi kwamba watu hao wana nia mbaya. Nimekaa nao, na wengi wanaipenda kazi yao. Ninachosema ni kwamba mazungumzo mengi kuhusu kubuni miradi kwa pamoja yanahusu mbinu: michoro ya rasilimali, makundi ya majadiliano, kadi za kupigia kura. Mbinu hizo zina faida, lakini zinakuja wakati maamuzi mawili makubwa yameshapita. La kwanza ni tatizo lipi linashughulikiwa. La pili ni fedha zimepangwaje. Maamuzi hayo yakishafungwa, hakuna mwezeshaji, hata awe hodari namna gani, atakayeyafungua kwa warsha ya siku mbili.

Shinyanga ndipo mahali pazuri pa kuona inavyokuwa pale ambapo hayakufungwa.

Kwa miongo mingi Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Shinyanga imo, ulipoteza miti yake kwa sababu zilizofuatana. Utawala wa Waingereza ulifyeka mapori makubwa ili kuangamiza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka. Ng'ombe wakaongezeka. Miaka ya 1970, operesheni ya vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika, na malisho waliyokuwa wakiyatunza karibu na nyumbani yakabaki mbali, bila mtu wa kuyalinda. Kufikia miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga ulikuwa ukitajwa kama jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambayo baadaye ilifanya kazi kwa fedha za Norway na utaalamu wa kituo cha kimataifa cha kilimo misitu, ICRAF. Ilianza kama programu nyingi za misitu za wakati ule, kwa vitalu vya serikali, miche iliyochaguliwa na wataalamu, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wanakijiji wakahimizwa kupanda. Mwitikio ulikuwa mdogo. Mche wa namna hiyo unadai maji ya ndoo katika nchi ambayo mama anatembea saa nzima kutafuta maji ya kunywa, na ukinusurika na kiangazi, mbuzi wanausubiri.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wataalamu waligeukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari, yaani ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia humo mpaka kiangazi kikiwa kimekaza, majani ya kwingine yakiwa yamekwisha. Likifunguliwa, hutangulizwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia, wale ambao kaya haiwezi kumudu kuwapoteza kabla ya msimu mpya. Na ardhi ikipumzishwa hivyo miaka kadhaa, visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya udongo huchipua yenyewe. Migunga inarudi bila kitalu wala miche.

HASHI iliacha kusukuma miche yake mbele na kuanza kusaidia ngitili. Sheria za kulinda maeneo hayo zilijadiliwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na baadhi zikapitishwa kuwa sheria ndogo za serikali za vijiji. Walinzi walikuwa sungusungu, vikosi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe. Faini ziliwekwa na watu ambao wenyewe wangezilipa kama ng'ombe wao wangeonekana ndani. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa rasmi zilikuwa hekta 611 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tathmini zilionesha zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini hizo zilikadiria kwamba manufaa ya ngitili yalifikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, ukijumlisha kuni, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa na vingine. Wanawake walipunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni. Mwaka 2002 programu ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Takwimu hizo hunukuliwa sana. Sababu zake hunukuliwa kidogo, na ndizo ninazotaka tuzitazame. Mtaalamu wa misitu alikuwa anahesabu miti. Mfugaji alikuwa anahesabu wiki zilizobaki kabla ya mvua, na ndama wangapi watafika huko. Programu ilipokubali kuwa tatizo ni lile la mfugaji, miti ilikuja kama sehemu ya jibu. Hapo ndipo wananchi walipobuni, kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa walibadilisha swali. Halafu, HASHI iliishi mpaka mwaka 2004, karibu miaka 20, na iliruhusiwa kuachana na njia yake ya kwanza bila kufungiwa. Hebu fikiria mradi wa leo wa miaka mitatu ambao mwaka wa pili unamwandikia mfadhili: miche laki kadhaa tuliyoahidi hatutaiotesha, tunataka kulinda visiki. Mhasibu ataanza kuuliza maswali kabla ya mtaalamu wa misitu.

Ngitili nazo zina kasoro zake, na ni haki kuzitaja. Nyingine ni za kijiji au vikundi, lakini nyingi ni za kaya moja moja, na mwenye ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Kaya isiyo na ng'ombe hufaidika kidogo, au hununua haki ya kulisha na kukata nyasi. Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume, ilhali anayejua umbali wa kuni ni mwanamke. Chombo cha wenyeji hakiwi cha haki kwa sababu tu ni cha wenyeji. Nitalirudia hili, kwa kuwa ndipo wapenzi wa ushirikishwaji hupenda kupita haraka.

Kenya ina mfano wa namna nyingine kabisa, na ndani yake hakuna baraza wala karatasi ukutani. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom, kwa mchango wa takriban pauni milioni moja kutoka mfuko wa ushindani wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, walianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu, ile iliyokuja kuitwa M-Pesa. Lengo lililoandikwa lilikuwa finyu: wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu wapokee na kurejesha mikopo kwa simu. Majaribio yalifanyika Nairobi na Thika kwa wateja wapatao 500 na mawakala wachache.

Wateja walirejesha mikopo, lakini walifanya na mengine ambayo hayakuwamo kwenye andiko. Walitumiana fedha wao kwa wao. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka fedha kwenye simu asubuhi kabla ya safari na kuzitoa walikofika, wakiepuka kubeba noti njiani. Wengine walizilaza humo usiku kama kwenye sefu. Na upande wa Faulu mambo yalikuwa magumu: hesabu zake za vikundi hazikupatana na mfumo mpya, na kulipia kwa simu kulipunguza sababu ya wanachama kukutana, wakati mkopo wa kikundi hutegemea kukutana huko. Kwa jedwali la matokeo lililoandikwa mwanzoni, huo ungeweza kuhesabiwa kuwa mradi wenye matatizo. Waliokuwa wakiuendesha, Nick Hughes na Susie Lonie, walisoma matumizi ya wateja na kugeuza huduma. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa wa kutuma pesa nyumbani. Yaliyofuata Kenya na Tanzania yanajulikana.

Sitaki kuifanya M-Pesa kuwa ngano ya biashara iliyowashinda wafadhili, kwa kuwa fedha za umma za Uingereza zilibeba sehemu ya hatari ya mwanzo. Ninaileta kwa sababu inaonesha aina ya ushirikishwaji ambayo wapangaji huisahau: kuwaacha watu watumie kitu kikiwa bado hakijakamilika, kuangalia wanachokifanya nacho, na kuwa na mamlaka ya kukibadilisha. Mama wa Thika hakuulizwa kuhusu changamoto zake. Alipewa simu, na matumizi yake yakahesabiwa kama maoni. Hilo linafaa kwa huduma na vifaa. Kwa ardhi, maji ya pamoja na sheria za malisho halitoshi, kwa kuwa huko lazima watu wakae, wabishane na wakubaliane.

Inaniuma kwamba mbinu hizi huja kwetu leo kama bidhaa kutoka nje, zikiambatana na mshauri na mwongozo wa kurasa mia. Sehemu kubwa ya fikra za utafiti shirikishi ilipikwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilikuwa na watafiti waliochoka na madodoso. Budd Hall, Mkanada aliyefanya kazi kwenye taasisi hiyo, ni mmoja wa watu walioisambaza duniani dhana ya utafiti shirikishi, na alianza kuitafakari akiwa Tanzania. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, alifika Dar es Salaam mwaka 1971. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa ameishi na wanawake wa Kizaramo pwani tangu miaka ya 1960, alishiriki kuongoza utafiti wa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo kuanzia mwaka 1975, chini ya wizara ya utamaduni ya Tanzania na Akademia ya Finland. Watafiti wake, Watanzania na Wafini, waliishi vijijini. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kuwakutanisha wafugaji wa Kiparakuyo na maofisa waliokuwa wakiwapangia makazi na mifugo yao bila kuwaelewa.

Mazingira ya wakati huo yanafaa kukumbukwa kwa ukamilifu. Ni miaka ile ile ya operesheni ya vijiji, ambapo serikali iliyohubiri kujitegemea iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu. Fikra za kuwasikiliza wananchi na amri za kuwahamisha zilikaa katika nchi moja, mara nyingine katika wilaya moja. Kwa hiyo siamini kwamba kujua mbinu kunatosha. Tanzania iliijua mbinu kabla ya wengi, na bado ng'ombe wa Usukuma walibaki na ngitili zilizokosa mlinzi.

Urithi huo ulionekana tena kusini. Finland ilifadhili programu ya maendeleo vijijini ya Mtwara na Lindi, RIPS, kuanzia mwaka 1988 mpaka 2005. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Katikati ya miaka ya 1990 iligeukia njia shirikishi kwa dhati. Kisa ninachokithamini zaidi hapo ni cha baruti. Uvuvi wa mabomu ulikuwa umeharibu matumbawe kuanzia Kilwa mpaka Mtwara. Ulikuwa kosa la jinai kwa mujibu wa sheria, na hilo liliwafanya wataalamu wengi kudhani kuwa kilichokosekana ni elimu kwa wavuvi. Wavuvi walipopewa kamera ya video na nafasi ya kusema, walisema jambo lingine. Madhara wanayajua, na wapigaji mabomu wanawajua kwa majina. Wanawakamata, wanawafikisha kwa vyombo vya dola, kisha wanawaona mtaani wameachiwa. Elimu iliyokosekana haikuwa ya mvuvi.

Mikanda hiyo ilioneshwa kijiji kwa kijiji, halafu mbele ya viongozi wa wilaya, mkoa na taifa. Vijiji vya pwani viliungana katika umoja wao, Shirikisho, na kudai hatua. Doria zikaongezwa, jeshi la majini likahusishwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 milipuko ilikuwa imepungua sana kusini. Miaka ya 2000, msukumo wa juu ulipolegea, mabomu yalirudi. Kurudi kwake kunaonesha kilichokuwa dhaifu tangu mwanzo, yaani mahakama na polisi, pale pale wavuvi walipopanyooshea kidole. Walipima tatizo sawasawa. Mradi wa nje unaweza kubeba sauti zao hadi kwa waziri, lakini hauwezi kumhukumu mpigaji mabomu.

Sasa niseme kuhusu ushirikishwaji usio na fedha, kwa sababu huo nao umetuchosha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali za mitaa Tanzania zinatumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo katika Maendeleo, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, O&OD. Kwa nadharia ni utaratibu mzuri. Kijiji kinakaa siku kadhaa, kinachambua kilichonacho na kinachokizuia, kinaandika mpango wake na kuupeleka kwenye kata na halmashauri. Kilichotokea katika vijiji vingi ni kwamba mpango uliotoka ulikuwa orodha ndefu ya maombi: zahanati, madarasa, josho, barabara. Halmashauri yenyewe ilikuwa inapokea fedha zenye ukomo na masharti kutoka Hazina, na nyingine kutoka kwa wafadhili waliokwisha kuamua za nini. Mipango ikajaa kwenye kabati za watendaji. Baadaye utaratibu ulirekebishwa, kwa msaada wa Japani, ili uanze na jitihada ambazo kijiji kinaweza kuzianza chenyewe, na hilo ni jambo jema. Lakini mtu aliyeitwa mara ya kwanza, akaongea siku nzima na asione kitu, hawezi kulaumiwa akidai posho mara ya pili. Maofisa hulalamika sana kuhusu posho. Mimi naona ni bei halali ya muda wa mtu aliyejifunza kuwa maneno yake hayatazaa kitu kingine.

Kuna pingamizi mbili ambazo huwa nazisikia kutoka kwa watu wa wafadhili, nami naziheshimu. Ya kwanza ni kwamba kijiji si kitu kimoja, na ukikabidhi uamuzi unaweza kuwa umeukabidhi kwa mwenyekiti, mjomba wake na wenye maduka. Ni kweli, na ngitili zimetuonesha hivyo. Lakini kuufunga uamuzi Washington hakuwaondoi vigogo wa kijiji. Kunawapa tu kazi ya kugawa kilichokwisha kuamuliwa, na hapo ndipo hufaidi zaidi. Tanzania ina chombo cha kisheria cha kuanzia. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na wanawake wana nafasi zao kwenye halmashauri ya kijiji. Mkutano huo una udhaifu wake. Wafugaji wanaohama huwa hawapo, vijana hukaa nyuma, wanawake husikiliza kuliko kuongea. Mtu anayejua kazi yake atakaa kwanza na wanawake peke yao kisimani au kwenye kikoba, atawafuata wafugaji walipo, kisha atayaleta waliyosema mbele ya mkutano wote ili yabishaniwe hadharani. Hiyo ni kazi ya miezi, na inahitaji mtu anayelala kijijini.

Hapo ndipo pingamizi la pili linapoingia: muda na gharama. Wanasema hakuna mfadhili atakayelipia mwaka mzima wa mazungumzo kabla ya kuona matokeo. Lakini fedha hizo tayari zinalipwa, sema zinalipwa mwishoni, kwa pampu zisizotengenezwa na majengo yenye popo. Kwa miaka mingi tathmini za maji vijijini nchini zilikuwa zikirudia kwamba karibu vituo vinne kati ya kumi havifanyi kazi. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mradi, na kila mradi ulikuwa na kikao cha wadau. Maswali ambayo hayakuulizwa mapema yalikuwa ya kawaida kabisa. Nani atashika fedha? Spea inapatikana duka gani? Fundi atatoka wapi, na atalipwa nini mwezi ambao watu hawana mavuno?

Nyaraka za mradi nazo zina lugha yake. Andiko, jedwali la matokeo na bajeti huandikwa kwa Kiingereza, kisha kijiji hupewa maelezo ya mdomo kwa Kiswahili. Tunayo lugha inayosomwa na diwani, mtendaji, mwalimu na mama wa kikoba, lugha ambayo nchi nyingi jirani zingeitamani, halafu tunaficha bajeti katika lugha ya kigeni kwa karibu kila mtu aliyemo chumbani. Mtu hawezi kubuni kwa pamoja nawe waraka asioweza kuusoma. Kutafsiri bajeti ya mradi kwa Kiswahili na kuibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji ni kazi ya siku chache.

Mwaka 2025 ulituonesha nani alikuwa mwenye miradi. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi USAID ilikuwa imekoma kufanya kazi kama wakala. Shirika hilo lilikuwa limezungumzia kubuni kwa pamoja kuliko mengi. Lilikuwa na utaratibu rasmi wa kuwaita wadau kuandaa miradi kabla ya kutoa fedha, na mwaka 2021 liliahidi kwamba kufikia 2025 robo ya fedha zake zingekwenda moja kwa moja kwa asasi za nchi husika. Ripoti zake zilionesha asilimia 10.2 mwaka wa fedha 2022 na asilimia 9.6 mwaka uliofuata. Kisha amri ilitoka, na asasi zetu zikapokea barua pepe za kusimamisha kazi. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waliokuwa wamekaa kwenye warsha zote hizo kama wadau, waliambiwa wasiendelee na kazi. Hakuna kikao kilichoitwa. Waliobuni pamoja hawakuwa na kura juu ya kufunga.

Ninaumia kwa ajili ya wagonjwa waliokosa huduma, na sioni heri yoyote katika namna jambo hilo lilivyofanyika. Lakini asasi zilizobaki na wafadhili waliobaki wana la kufanya sasa. Mfadhili anaweza kutoa fedha ndogo za kubuni, za miezi sita au mwaka, zisizodai jedwali la matokeo mwanzoni bali mwishoni mwa kipindi hicho. Anaweza kuacha sehemu ya bajeti, tuseme robo, bila kupangiwa kazi mpaka mkutano wa kijiji uipangie. Anaweza kudai kwamba andiko liambatanishwe na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye tarehe ya kabla ya andiko, kama tunavyodaiwa muhtasari tunapogawiwa ardhi. Na ripoti ya mwaka iwe na ukurasa mmoja unaotaja kilichobadilishwa kwenye mradi kwa sababu wananchi walisema. Ukurasa huo ukirudi mtupu miaka miwili mfululizo, mfadhili ajue analipia kitu gani.

Halmashauri zetu nazo zisisubiri. Kila mwaka zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazitoki Oslo wala Washington. Masharti yake yaliandikwa kitaifa, na mama lishe wa Iringa na mvuvi wa Ukerewe wanajaza fomu ya namna moja. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya madeni sugu na vikundi hewa, na iliporudishwa mjadala ulikuwa juu ya nani aisimamie, benki au halmashauri. Waulizwe wakopaji wenyewe: kama wanataka mkopo wa kikundi au wa mtu mmoja mmoja, marejesho ya kila mwezi au ya baada ya mavuno, na kama wanahitaji mkopo kweli au sehemu ya kufanyia biashara bila kufukuzwa na mgambo. Maofisa maendeleo ya jamii wapo katika kata, na wanawafahamu wakopaji hao kwa sura. Wapewe nafasi ya kuuliza kabla bajeti ya mwaka ujao haijafika kwenye baraza la madiwani, na madiwani wawe tayari kubadilisha masharti ambayo sheria inawaruhusu kuyabadilisha.